Kuenda ya Mandazi

Kavira mwanangu,

Mvua imenifungia hapa barazani. Wewe umeenda kwa shangazi yako kusukwa, na kwa jinsi mnavyopenda kuongea, nywele hizo hazitaisha kabla ya jioni. Mama yako yuko jikoni anakuchambulia maharagi ya kubeba, utafikiri huko Beni unakokwenda kazini hawajui maharagi ni kitu gani. Mimi niko mbele ya mashini, na shati la mtu linaningoja nilitie kola, lakini sishoni. Nimechukua karatasi ninayokatia vipimo, nimeigeuza upande mweupe, na nakuandikia. Nataka uisome leo kabla ya chakula. Kesho ukiwa ndani ya gari itakuwa imechelewa.

Habari za kupiga simu ukifika, kuchemsha maji ya kunywa, na kutopanda pikipiki na madereva wa mtaa wa Mulekera wanaokimbia kama wamefukuzwa, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena usiku kucha. Mimi siongezi kitu. Nataka tuongee juu ya mwanao Masika. Na kwa kuwa siwezi kumtazama mtoto wako bila kukuona wewe ulivyokuwa, itabidi univumilie nikipotea njia. Unajua wateja wangu wanavyosema: "Fundi uyu, mukono iko ku mashini, kichwa iko mbali ku Masereka."

Ni kweli. Hata sasa ukungu umeshuka, vilima vyote vya Butembo vimefutika, na sioni kitu zaidi ya ua wetu na majani ya ndizi yanayotikisika. Siku kama hizi sijui vizuri ni mwaka gani. Nasikia mtoto anacheka chini ya mashini, na kwa muda kidogo sijui kama ni wewe au ni yeye.

Chini ya mashini hii ndipo ulipokulia. Vitambaa vilivyobaki vilikuwa vyako. Ulipoanza kusema maneno ya kueleweka, mchezo wako mkubwa ulikuwa kujificha. Ulikuwa unaingiza kichwa ndani ya kapu la vitambaa, matako yote nje, halafu unaita: "Papa, nitafute!" Nilikuwa nazunguka nyumba nzima nikiuliza kuku, nikiuliza ndoo, nikimuuliza mteja aliyesimama na suruali mkononi. Wewe ulikuwa unatetemeka kwa kicheko mle kapuni. Uliona giza, basi ukaamini kwamba dunia yote iko gizani pamoja nawe.

Na simu! Mama yako alikuwa ameenda kijijini Masereka kumuuguza bibi yako. Akapiga. Nikakuwekea simu sikioni. Akauliza: "Kavira, umekula?" Ukatikisa kichwa, ndiyo. Akauliza tena, akaanza kupiga kelele: "Allô? Allô? Kavira, unanisikia?" Ukatikisa kichwa kwa nguvu zaidi, kisha ukaiinulia simu gauni lako ili mama aone kiraka kipya. Mama yako akaniambia kwa hasira: "Réseau ya simu iko mubaya, nasikia tu pumuzi ya mutoto!" Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Wewe ulikuwa umejibu kila swali, mwanangu, kwa heshima zote.

Nimekaa miaka mingi barazani hapa nikitazama watoto wa mtaa wetu, wa avenue hii, na sasa naona kwamba katika umri ule mtoto hajui kwamba kila mtu ana chumba chake kichwani. Anadhani sisi sote tunakaa katika chumba kimoja, na anachokiona yeye tunakiona wote. Ndiyo maana hajui kusema uwongo. Na uwongo wetu anaupokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea sahani.

Sasa nifike kwenye safari yangu ya Kasugho.

Huku kwetu safari haitangazwi. Hilo unalijua tangu utoto. Ukimwambia jirani siku utakayosafiri, umeiambia barabara, na barabara zetu zina masikio mabaya. Na mtoto ndiye redio ya avenue. Atasema kisimani, atasema kwa muuza sukari, atasema kwa mtu asiyemjua anayepita akisukuma mizigo juu ya chukudu yake ya mbao. Basi wazazi wa hapa tumejifunza kuondoka kimya. Mtoto anashikwa huku, wewe unapita nyuma ya nyumba. Kila mtu anafanya hivyo, na hakuna anayeona kwamba amefanya kitu.

Parokia moja ya kule Kasugho iliniita nikashone uniforme za wanafunzi. Asubuhi nilipobeba mfuko ulishika suruali yangu. Nikakuinamia, nikakuambia: "Naenda hapa ku kona kukuletea mandazi. Ningoye." Ukaiachia suruali mara moja. Sijapata kumwona mtu akiniamini upesi namna ile, hata padre siku ya ndoa yangu hakuniamini hivyo.

Kazi niliyofikiri ni ya juma moja haikuisha. Mvua ikakata barabara, msituni magari yakazama mpaka milangoni, na mimi nikakaa Kasugho mpaka jua liliporudi. Mama yako ndiye aliyenisimulia baadaye. Ulikaa kando ya ua. Kila aliyepita ulimwambia, "Papa anakuya na mandazi." Jioni ile ulikataa kula, ili tumbo lisijae. Kesho yake ulikaa tena pale pale. Halafu siku moja hukukaa tena.

Nilirudi na kuku na chupa ya asali. Hukuangalia kuku. Uliangalia mikono yangu, huu na huu, ukauliza: "Mandazi iko wapi?" Watu wote waliokuwapo walicheka, na mimi nilicheka kuwapita. Wewe peke yako hukucheka.

Tangu siku hiyo kila nilipovaa koti uliniuliza: "Papa, unaenda ya kweli ama unaenda ya mandazi?" Ikawa msemo wa nyumba yetu. Leo mjomba wako Kambale anawasema nao wabunge, na wewe mwenyewe unausema mezani ukicheka. Mimi nacheka pamoja nanyi. Sijawahi kukuambia kwamba kila mara unanichoma.

Lakini lililo baya zaidi sikuliona wakati ule. Uliacha kungoja. Kabla ya Kasugho uliweza kukaa kando ya babula ya makaa ukilitazama hindi likigeuka rangi, na nikikuambia "bado" unasema "bado" pamoja nami. Baada ya Kasugho ulikuwa unalinyakua likiwa bichi, unaunguza vidole, unakula lako na la kaka yako, unatafuna huku unaangalia mlango. Nilikuita mlafi. Siku moja nilikupiga kofi mkononi mbele ya wateja na kuwaambia: "Uyu mutoto hana roho ya kungoya." Na kwa miaka niliamini hivyo. Niliamini kwamba kuna watoto wanaozaliwa na uvumilivu na wengine wanazaliwa bila, kama wengine wanavyozaliwa na miguu mipana.

Masika ndiye aliyenifumbua macho, na ilikuwa kwa mahindi vilevile. Majira haya ya mavuno nilimwekea hindi motoni, nikamwambia: "Lile la katikati ni lako, likiiva nitakupa mimi mwenyewe." Mara akaja mteja, mmoja wa wale wanaotaka kupunguza kiuno cha suruali na kueleza maisha yao yote. Nikakawia. Nikawa namchungulia Masika kupitia pazia. Alikaa juu ya mikono yake miwili. Akalipa hindi mgongo. Akageuka, akaliambia kwa ukali, "Weye bado!" Akaondoka, akazunguka nyumba mbio, akarudi kulinusa, akaondoka tena. Niliporudi na kumpa, alilipokea bila kushangaa hata kidogo.

Huko kutoshangaa ndiko kulikonipiga, Kavira. Nilisimama pale na koleo mkononi kama mjinga. Mtoto huyu hakuzaliwa na uvumilivu unaopita wako. Alingoja kwa sababu alijua kwamba mle kichwani mwangu, hata nikiwa na mteja, yeye yumo na hindi lake limo. Wewe ulikuwa umekaa kando ya ua na ukaona mtu anayengoja anapata nini. Ukifikiri hivyo, kunyakua hindi bichi ni akili. Hukuwa mlafi hata siku moja, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba kungoja hakuna faida, halafu nikakupiga kwa kuwa ulijifunza vizuri. Naona haya kuyaandika, na nimeyaandika.

Utaniambia hukumbuki. Nilikuuliza mwaka jana tukiwa tunapiga pasi, ukasema: "Kasugho? Papa, sikumbuke kitu." Nakuamini. Lakini mpaka leo ukiahidiwa jambo unatabasamu, unasema asante, halafu unakwenda kulitafuta mwenyewe kwa mlango mwingine. Hata kazi hii ya Beni, kituo cha afya kilipokuambia nafasi ni yako, uliendelea kuomba mahali pengine mpaka walipokuonyesha kitanda utakacholala. Wengine wanakusifu kuwa una nguvu. Mimi nakuona umekaa kando ya ua.

Sasa nirudi kwa mtoto wako. Unakumbuka ile siku ya kofia ya Kambale? Aliiweka juu ya mashini akaenda kunawa, nami nikaificha kapuni chini ya vitambaa, Masika akiniona. Mchezo huo nimeufanya na watoto wote wa nyumba hii. Ulipokuwa mdogo sana nilikuuliza, "Akirudi ataitafuta wapi?" Ukanionyesha kapu, na ukashangaa kwamba nauliza kitu cha wazi namna hiyo. Hata Masika, kabla ya mavuno, alikuwa ananionyesha kapu. Lakini siku ile hakunionyesha kapu. Akaangalia mlango, akaangalia mashini, akanivuta shingo na kuninong'oneza: "Atatafuta ku mashini. Yeye hajue." Kambale akaingia, akapapasa mashini, akainama chini, na Masika akauma mdomo wa chini mpaka ukawa mweupe ili kicheko kisitoke.

Wewe ulicheka ukarudi kwenye pasi yako. Mimi nilikaa na jambo lile siku nyingi. Nilijiambia, basi huyu ameingia kwetu sisi wakubwa. Ameshajua kwamba mtu anaweza kubeba kichwani kitu ambacho sicho, na kwamba mwingine anaweza kumwekea humo. Toka leo akidanganywa atajua kwamba kuna mtu aliyemdanganya, na atamjua ni nani. Nikaona furaha na hofu pamoja, nikakosea mshono mzima.

Halafu ikaja Jumapili. Tulikuwa mezani, ugali wetu wa bukali na sombe ya majani ya muhogo, mvua kama hii ya leo. Mama yako akapanga kila kitu kama anavyopanga soko. "Siku ya safari mi nitamubeba Masika ku misa ya asubui. Tukirudi, mama yake ashaenda. Tutamuambia ameenda ku soko. Mutoto anasahau mbio."

Na wewe ukajibu ukitazama sahani: "Ni vizuri vile, mama. Nikimuona analia, mi sitapanda ile gari."

Kisha ukaniangalia mimi. Nikajiongezea sombe.

Ninakuelewa, Kavira. Usifikiri baba yako ameketi juu ya kiti cha hakimu. Baba wa Masika alikwenda zake kabla mtoto hajaota meno, na wewe umesoma uuguzi ukiwa na mtoto mgongoni. Kazi hii umeitafuta kwa jasho. Chumba cha Mulekera mtalala watatu, na kazi ya usiku haina pa kumweka mtoto. Atabaki hapa na sisi, na wakati wa likizo kubwa, ukiwa umepata nyumba, atakufuata. Hayo yote ni sawa. Najua pia kwamba unaogopa moyo wako kuliko unavyoogopa machozi yake. Mimi nilipita nyuma ya nyumba kwa sababu hiyo hiyo. Barabara ilikuwa kisingizio kizuri, na kila mtu alinikubalia.

Ningenyamaza mpaka mwisho, maana nimezoea. Lakini leo, umekwisha kutoka kwenda kusukwa, Masika alikuwa hapa chini ya mashini anamfunga mtoto wake wa vitambaa mgongoni. Radi ikapiga. Halafu akaniuliza mimi babu yake, bila kuinua macho:

"Koko, kutoka Beni, mutu anaweza rudi ku miguu?"

Nikasimamisha mashini. Nikamwambia: "Mutu mukubwa, ndiyo, akitembea mingi sana. Mutoto, hapana."

Akaendelea kufunga kitambaa. Nikamuuliza: "Nani alikuambia mambo ya Beni?"

"Hapana mutu. Nilisikia siku ile ya sombe. Nilikuwa chini ya meza."

Tangu Jumapili, Kavira! Jumapili yote ile mpaka leo. Amekwenda shule yake ya maternelle, amekwenda kisimani na bibi yake, amecheza na watoto wote wa avenue, amelala kifuani mwako kila usiku, na hakufungua kinywa. Redio yetu imezima yenyewe. Na wewe ulikuwa unaniambia juzi tu, "Papa, uone namna anacheka mingi siku hizi. Hajue kitu."

Nikamuuliza kwa nini hakukuuliza wewe, mama yake. Akaniangalia kama anavyonionea huruma ninapotafuta miwani na imo usoni mwangu.

"Juu mama hatake nijue."

Yeye akatoka chini ya mashini, akanishika magoti, akaanza kuongea kwa sauti ile ya kunong'ona inayosikika mpaka jikoni.

"Koko, hapana ambia mama kama mi najua. Akijua, atalia, na gari itamuacha. Hatapata kazi."

"Na weye, Masika? Weye hautalia?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, niliona uso unavyofanya kazi. Akamrekebisha mtoto wake mgongoni, akakaza kitambaa.

"Mi nitalia kisha," akasema. "Gari ikishaenda."

Akaniomba niseme ndiyo, nikasema ndiyo. Akarudi kwenye vitambaa vyake kama mtu aliyemaliza kazi. Sasa hivi amelala pale, mdomo wazi, na mvua inaanza kupungua.

Nimemwahidi mtoto kwamba nitanyamaza, na karatasi hii ndiyo uwongo wangu kwake. Akijua atanikasirikia, na atakuwa na haki, nami nitamwomba msamaha mwenyewe, kwa maneno, kama ambavyo sikukuomba wewe ulipokuwa na umri wake. Nakuomba sasa. Nisamehe, Kavira.

Mama yako niachie mimi, nitaongea naye. Misa ipo kila siku. Wewe ukimaliza kusoma, usifikiri mara mbili, maana nakujua. Mwamshe. Mkalishe mapajani, mwambie gari ni kesho asubuhi, mwambie linakwenda wapi na kwa nini, mwambie ni lini atakuona, na usimwahidi siku usiyoiweza. Mtalia. Gari halitakuacha, nitakubebea mizigo mwenyewe mpaka stendi na nitalishikilia kwa mkono ikibidi. Ila mtoto huyu amejipangia kulia peke yake, nyuma yako, ili wewe upate kazi. Usimkubalie. Mwache alie ukiwa bado upo.

Papa yako